Kura yako huhesabiwa darasani ulipopigia, Bomas ni kujumlisha tu. Uzi wa aliyekuwa karani 2022

karani_wa_mwambao:

Wadau, kuna uzi mwengine huko watu wanabishana kama 2027 kuna haja ya kuamka alfajiri kwenda kupiga foleni, mmoja anasema kura hupikwa kwa kompyuta Bomas, ule ukumbi wa Nairobi ulipojumlishiwa matokeo ya rais 2022, mwengine ati hupikwa mahakamani, na nikisoma naona wengi hata hawajui karatasi yao ikishaingia debeni inaelekea wapi. Mimi 2022 nilikuwa karani wa uchaguzi huku Kwale, Kenya, shule ya msingi siitaji jina, kwa hivo nawapa nilichokiona kwa macho na sheria inavosema, mwenye la kuongeza aongeze.

Kwanza mahali. Kituo chako ni kile ulichojiandikishia, basi. Kama ulijiandikisha Ukunda ukahamia Nairobi kutafuta riziki, siku ile ama unapanda basi ama hupigi, hakuna cha kuingia shule iliyo karibu na nyumba yako ukasema mimi ni Mkenya. Na watu huchanganya, wanadhani shule nzima ni kituo kimoja. Shule inaweza kuwa na vituo vitano sita, kila darasa ni kituo chake na debe zake na msimamizi wake, na 2022 kituo kimoja hakikuzidi watu 700. Majina yanagawanywa kwa herufi. Huku kwetu herufi M ni balaa, Mwanaisha, Mwanajuma, Mwinyi, Mohamed, Mwachiro, M peke yake inakula madarasa mawili, na kuna watu wanasimama saa nzima kwenye foleni ya darasa si lao kwa sababu walimfuata jirani tu. Majina yamebandikwa nje, soma kwanza ndio usimame.

Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ila sisi ndani tunakuwa tumeshaanza zamani, msimamizi anainua kila debe mbele ya maajenti wa vyama na wagombea analigeuza wanaona ni tupu, ndio linafungwa kwa zile sili za plastiki, kila sili ina namba, namba inaandikwa kwenye daftari la kituo na ajenti mwenye akili naye anaandika kwake. Debe ni sita manake tunapiga kura sita, na kifuniko cha debe kinafanana rangi na karatasi: rais nyeupe, gavana buluu, seneta manjano, mbunge kijani, mwakilishi wa wanawake zambarau, MCA, yani mwakilishi wa wadi, ile kama maziwa ya chai.

Ukiingia karani wa kwanza anachukua kitambulisho chako, unaweka kidole kwenye KIEMS, ile mashini ya kutambua wapigaji kura, picha yako inatokea. Hapa ndio kuna mambo. Kina mama wanaoponda kokoto na wale wa kusuka makuti vidole vimelika, laini kabisa, mashini haisomi kitu. Kuna mama mmoja mzima wa miaka yake tulimpangusa vidole kwa kitambaa chenye maji, tukajaribu gumba, shahada, mkono wa pili, wapi. Akaanza kutaka kuondoka, anasema "basi wanangu mashini imenikataa". Haikukatai mama. Sheria imeweka njia, namba ya kitambulisho inaingizwa, picha na jina vikitokea ni wewe, maajenti wanaona, inajazwa fomu 32A, unapewa karatasi zako kama mtu mwengine yeyote. Alipiga. Lakini wangapi hurudi nyumbani hivohivo kwa sababu hakuna aliyewaambia?

Ukitoka hapo unapewa karatasi sita, unaingia kwenye kile kibanda cha kadibodi, unaweka alama yako, unakunja, unatumbukiza kila moja kwenye rangi yake, unapakwa wino kidoleni, umemaliza. Ukikosea kabla hujatumbukiza usiione haya, rudisha hiyo karatasi, inafutwa kama iliyoharibika unapewa nyengine. Ukishaitumbukiza hairudi.

Saa kumi na moja jioni tunafunga, ila mtu akiwa tayari kwenye foleni saa hiyo lazima apige, hata ikifika usiku. Mlio nyuma ya foleni msifukuzwe na mtu yeyote.

Sasa ndio jambo lenyewe nililoanzishia uzi. Debe haziendi mahali. Hazipakiwi lori zikahesabiwe mjini. Zinafunguliwa palepale darasani, milango imefungwa, maajenti wamekaa kwenye madawati ya watoto, taa ya betri juu ya meza, na ya rais ndio huanza. Msimamizi anatoa karatasi moja moja, anaifungua, anaisoma kwa sauti, anaigeuza kila ajenti aione, ndio inawekwa kwenye fungu lake. Karatasi yenye utata inabishaniwa hapohapo. Sisi kulikuwa na moja, tiki imeanza kwenye kisanduku cha mgombea mmoja mkia wake ukapita mstari mpaka kwa jirani yake, walivutana mpaka karani mwenzangu akasinzia. Sheria inasema ukiweza kuona mpigaji alikusudia nani basi ni halali, na ile ilikuwa wazi, kilichozidi ni mkono tu kuteleza.

Hesabu ikiisha inajazwa fomu 34A, hiyo ya urais, zile zengine zina fomu zake. Maajenti wanasaini, wanapewa nakala, msimamizi anaipiga picha kwa ileile KIEMS anaituma, na nakala nyengine INABANDIKWA MLANGONI. Herufi kubwa nimeweka makusudi. Ile karatasi ya mlangoni ndio matokeo ya kituo chenu. Mahakama ya Rufaa ilishaamua Juni 2017, kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, kwamba matokeo yaliyotangazwa kituoni ni ya mwisho, mkubwa wa Tume ya uchaguzi huko Nairobi hana ruhusa ya kuyageuza, kazi yake ni kujumlisha. Fomu halisi inabebwa mpaka kituo cha jimbo inaingia 34B ya jimbo, kisha Bomas inakuwa 34C ya nchi nzima. Vituo 46,229 mwaka ule, fomu 46,229, na karibu zote ziliwekwa kwenye tovuti kila mtu azione.

Na asubuhi ya tarehe 10 Agosti nilipotoka pale mlangoni walikuwa watu wawili wanasoma. Wawili! Kijiji kizima kiko kwenye tv ya hoteli kinasubiri Bomas kiambiwe kilichofanyika kwenye darasa lao wenyewe.

mzee_wa_buza:

Mkuu uzi umetulia sana. Sisi huku Bongo tuna karatasi tatu tu, rais, mbunge, diwani, mnatushinda kwa uchovu. Zanzibar ndo wana tano, rais wa Muungano, rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi na diwani. Vituo kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Kuhesabu nako ni kituoni na matokeo yanabandikwa, kwa hiyo hiyo ya darasani tunafanana.

Tofauti kubwa ni kwamba nyie mkikataa matokeo ya rais mnaenda mahakamani, sisi Katiba ibara ya 41(7) inasema rais akishatangazwa na Tume hakuna mahakama ya kuchunguza. Sasa hata kama una fomu zako zote za vituo umezikusanya kwa jasho unazipeleka wapi? Kuzifremu ukutani?

Halafu kuna historia vijana hawaijui. Enzi za chama kimoja kuanzia 1965 wagombea ubunge walikuwa wawili kila jimbo, mmoja anapewa alama ya JEMBE mwingine NYUMBA, kwa sababu watu wengi hawakujua kusoma. Na rais ni mmoja, wewe unasema ndiyo au hapana. Babu yangu alikuwa anasema mwenye jembe ana bahati kwa wakulima, ukipewa nyumba unaanza kampeni ukiwa nyuma.

Kisauni_damu:

Karani umeandika vizuri lakini unatuuzia ndoto. 2017 fomu si zilikuweko? Milango si ilibandikwa? Na bado mahakama ya juu tarehe 1 Septemba ikafuta uchaguzi wa rais tukarudi 26 Oktoba. Sasa darasa lilisaidia nini

karani_wa_mwambao:

@Kisauni_damu ndugu yangu ile hukumu yasaidia upande wangu, isome tena. Maraga, Jaji Mkuu wa wakati ule, na wenzake hawakusema watu walipiga vibaya madarasani. Shida kubwa waliyoiona ni safari, yani kutoka darasani mpaka Bomas. Matokeo yalitangazwa kabla fomu za 34A zote hazijapatikana, kuna fomu za majimbo zilikosa alama za usalama, na seva walipoamriwa wafungue haikufunguliwa ilivotakiwa. Ndio maana 2022 wakaziweka hadharani, mtu yuko Lungalunga anafungua fomu ya Turkana kwa simu.

Na 2022 ilipofika mahakamani, Tume yenyewe imegawanyika, makamishna wanne kati ya saba wanayakana matokeo, bado fomu za kwenye tovuti zilipolinganishwa na zile halisi zilizobebwa kwa mkono hazikuonekana tofauti za maana. Tarehe 5 Septemba ikaisha hapo. Upende usipende aliyeshinda, hiyo ndio kazi ya karatasi.

Kisauni_damu:

Sawa lakini wewe uko Kwale. Sisi Mombasa siku ile tulipewa karatasi tano!!! Ya gavana hakuna, ati picha za wagombea zimechapishwa ndivo sivo, sisi na Kakamega. Tukaambiwa tarehe 23, kisha 29 Agosti. Nimefunga kiosk changu mara mbili kwa uchaguzi mmoja. Hiyo karatasi inaanza kuharibika kabla haijafika hilo darasa lako

karani_wa_mwambao:

Hapo sina ubishi. Ya Mombasa na Kakamega iliuma, na kuna majimbo kama Kacheliba, Pokot South, Rongai na Kitui Rural nayo ubunge ulisogezwa. Lakini waona wenyewe kosa liligunduliwa kwa sababu gani, ni kwa sababu karatasi yaonekana. Ina picha, ina jina, mtu anaishika anasema huyu si wetu. Mimi kitu cha kushikwa naamini zaidi kuliko kitu cha skrini.

mwana_bukavu:

Ndugu zangu wa Kenya, shie huku Kongo tuna vyote viwili, skrini na karatasi. Tangu Desemba 2018 tunapiga na mashini, unagusa picha ya mutu wako kwenye skrini, mashini inatoa karatasi imeandikwa ule umechagua, unaikunja unaiweka mu sanduku. Watu waliipa majina mabaya sana ile mashini, waliiita ya wizi. Mimi ninasema mashini si mubaya, ubaya ni kama inafika saa kumi ya mangaribi, ao haina moto wa umeme, watu wamesimama tangu asubuhi, wamama na watoto mugongoni.

Na Beni na Butembo mwaka ule walikatazwa kabisa, waliambiwa kuna Ebola na vita, wangojee mwezi wa tatu, wakati rais atakuwa ameisha kuapa. Unajua Beni walifanya nini? Siku ileile wakatengeneza uchaguzi wao, karatasi zao, masanduku yao, mistari mirefu, wakanawa mikono kwanza juu ya Ebola, wakapiga. Haikuhesabiwa popote. Lakini walipiga.

bint_msambweni:

Dah hii ya Beni sikuwa naijua.

Karani naomba kuuliza, bibi yangu haoni vizuri tena, 2022 tulimwacha nyumbani kwa sababu mtu alituambia akienda msimamizi ndio atamchagulia. Ni kweli?

karani_wa_mwambao:

Dada huyo mtu aliwapotosha. Bibi anakuja na mtu wake anayemuamini, wewe mwenyewe waweza, mradi umefika miaka 18. Unajaza fomu 32, unaapa kwamba hutatoa siri, mnaingia pamoja kibandani, yeye anasema wewe unaweka alama. Ila mtu mmoja asaidia mpigaji mmoja tu, usije na bibi watatu wa mtaa. Kama amekuja peke yake ndio msimamizi anamsaidia, na hapo lazima maajenti wawe wanashuhudia, anasema jina kwa sauti, siri imekwenda. Kwa hivo bora aje na mjukuu. Tena wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na walemavu hawapangi foleni, wanapita mbele, akikataa mtu mwite msimamizi.

nyani_mzee88:

Nyinyi watoto mnalalamika foleni. Mnajua MLOLONGO? 1988, kura za mchujo za KANU, chama pekee kilichokuweko Kenya wakati ule, Februari. Hakuna karatasi, hakuna debe, hakuna siri. Unasimama uwanjani nyuma ya mgombea wako au nyuma ya mtu aliyeshika picha yake, chifu anakuona, mwajiri wako anakuona, baba mkwe wako anakuona umesimama nyuma ya nani. Kisha wanahesabiwa vichwa. Na aliyepata zaidi ya asilimia 70 amepita moja kwa moja bila kupingwa, hata hiyo kura ya siri yenyewe hamuifikii.

Halafu hapo mnahesabu wenyewe kwa macho, mstari huu umepinda mpaka nje ya uwanja, ule una watu wa kujaa matatu moja, na anayetangazwa mshindi ni wa mstari mfupi. Nimeiona hiyo. Na ushahidi uko wapi? Watu walishatawanyika kwenda nyumbani. Utapeleka mahakamani nini, nyayo?

Ile iliondolewa baada ya kelele nyingi, kamati ya KANU ya Makamu wa Rais Saitoti 1990 ilizunguka watu wakaikataa waziwazi. Ndio tukafika Desemba 1992 na karatasi. Kwa hivyo mtu akiniambia karatasi haina maana namwangalia tu.

kaveera_kla:

Mzee huko kwetu Uganda bado ipo hiyo, 2018 uchaguzi wa LC1, viongozi wa vijiji, watu walipanga mistari nyuma ya wagombea. Ni kweli jirani anakuona. Mtu wa LC1 ndiye anakuandikia barua ya kila kitu, sasa usimame mstari wa mpinzani wake, akishinda utaenda kuomba barua kwake na uso gani? Wengi siku ile walikuwa "wagonjwa" hahaha

Ya rais na wabunge huku ni karatasi, saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, vituo vingi viko nje kabisa, uwanjani au chini ya mti, kuhesabu pia palepale watu wamezunguka wanasikia. Hiyo ya kufunga milango darasani sisi hatuipendi.

mzee_wa_buza:

@nyani_mzee88 shikamoo mzee wangu. "Utapeleka mahakamani nini, nyayo" nimecheka mpaka nimemwaga chai.

doha_finest:

Salaam wote. Mimi niko Qatar kwa kazi ya ulinzi. 2022 ndio mara ya kwanza Wakenya wa huku kupiga kura, nchi zilikuwa 12 jumla, Afrika Mashariki kina Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, kisha South Sudan na Afrika Kusini, halafu Uingereza, Ujerumani, Marekani, Canada, sisi na Emirates. 2013 ilikuwa hapo jirani tu Afrika Mashariki. Tunapigia ubalozini na karatasi ni MOJA, ya rais. Gavana hatukuhusu, mbunge hatukuhusu.

Waliojiandikisha dunia nzima ni kama elfu kumi. Kumi! Huku Ghuba peke yake tuko wengi kuliko hiyo mara sijui ngapi. Sababu si uvivu, wadada wa nyumbani pasipoti iko kwa bosi, siku ya off hana, ubalozi uko mji mwingine, na bila kitambulisho au pasipoti mkononi huandikishwi. Mimi nilibadilishana shifti na Mnepali, nikamlipa kwa kumshikia usiku mbili, ndio nikapiga.

bint_msambweni:

Subhanallah. Dadangu yuko Saudi, huko hakukuwa na kituo kabisa eh?

doha_finest:

Kwenye ile orodha ya 2022 Saudi haikuwemo dada. Na ndiko wadada wengi waliko.

mtu_wa_ground:

Karani nani anakulipa kuandika hivi virefu. Kura ni pesa, mtu amepewa mia mbili na unga amepiga, mambo ya sijui 34A ni ya mawakili

karani_wa_mwambao:

Chukua mia mbili, kula unga, kibandani uko peke yako na kalamu. Aliyekupa hajui ulichoandika, ndio maana ya kibanda. Na usikubali mtu akwambie upige picha karatasi yako umtumie, simu kibandani ni marufuku na ni kosa, ukishikwa utashikwa wewe, yeye yuko kwenye gari lake.

ajenti_mstaafu:

Acha niongeze kitu ambacho karani hawezi kusema kwa sababu alikuwa upande ule wa meza. Hii biashara inafia kwa AJENTI. Nimekuwa ajenti wa chama flani, na ukweli ni huu, asubuhi maajenti tumejaa darasani mpaka pa kukaa hakuna. Saa nane mchana wameanza kutoka kutafuta chakula. Ikifika saa mbili usiku kuhesabu kumeanza wamebaki wachache, na waliobaki wawili wanasinzia, manake walioahidi kuwaletea chai na nauli wamezima simu. Debe la rais linafunguliwa yuko macho, la MCA linafunguliwa saa tisa usiku amelala fofofo. Na ndio MCA anayeshindwa kwa kura kumi na tano!

Kazi ya ajenti si kuvaa ile beji. Ni kuandika namba za sili asubuhi, kuhesabu watu wanaoingia hata kwa vijiti kwenye daftari, na usiku kuhakikisha jumla ya karatasi zilizotoka debeni hazizidi watu waliopiga. Hiyo tu. Zikizidi piga kelele hapohapo, iandikwe. Ukikataa kusaini fomu sema sababu iandikwe pia, manake kutosaini peke yake hakufuti matokeo, watu wengi hawajui hilo, wanatoka kwa hasira bila kusaini, bila nakala, wanafikiri wamesimamisha uchaguzi. Umemwachia mwenzako uwanja tu.

Na nakala ya 34A ni haki yako. Usitoke bila hiyo. Piga picha na ile ya mlangoni kabla mvua au mtoto wa shule hajaichana.

Kisauni_damu:

Hii ya ajenti ndio nimeielewa. Wa kwetu 2022 nilimkuta nyumbani kwake saa tatu usiku amelala, namuuliza matokeo ya kituo ananiambia "ngoja tuone tv"

karani_wa_mwambao:

@ajenti_mstaafu umesema yote. Sisi kituo chetu walibaki wanne, na mmoja alikuwa mama mjamzito, ndiye alikuwa macho kuliko wote. Kila karatasi ikiinuliwa anasema "geuza nione". Msimamizi alichoka naye lakini akageuza kila moja.

Na KIEMS ikifa kabisa kuna daftari lililochapishwa, 2022 sehemu za Kakamega na Makueni ndilo lilitumika baada ya Tume kutoa ruhusa. Sehemu zisizo na mtandao walipewa modemu za setilaiti kutuma fomu. Kwa hivo mashini kufa sio mwisho, msikubali kurudishwa nyumbani.

mzee_wa_buza:

Swali la mwisho kutoka kwa jirani. Mbona hamuhesabu tu uwanjani kama Waganda watu wote waone? Mlango ukifungwa shetani anaingia.

karani_wa_mwambao:

Mlango umefungwa lakini ndani kuna maajenti wa vyama vyote, waangalizi, waandishi wakiwa na vibali, na askari mlangoni. Mimi nimeona usiku ule upepo wa bahari umeingia dirishani ukarusha fungu moja chini, ingekuwa uwanjani saa nane usiku na watu elfu wamezunguka tungezitafuta mpaka leo. Ila nakubali, wananchi kusikia kwa masikio yao ina utamu wake, labda madirisha yawe wazi na watu wasimame nje ya kamba.

nyani_mzee88:

Madirisha wazi, mtu wa sauti kubwa asome. Hiyo naiunga mkono.

lamu_kwetu:

Wakuu nimechelewa. Mimi nilijiandikisha Lamu, sasa hivi nakaa Mtwapa nimeoa huku, nataka nipige huku 2027. Naweza kubadilisha kwa simu?

karani_wa_mwambao:

Kwa simu hapana. Uende mwenyewe na kitambulisho chako halisi ofisi ya Tume ya jimbo unalohamia, kwako ni ya Kilifi Kusini, ujaze ombi la kuhamisha kituo, bure, mtu akikuitisha hela ondoka. Sheria inataka iwe imefanyika siku 90 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, yani tarehe 10 Agosti 2027, kwa hivo usingoje Mei, katikati ya Mei ushachelewa. Ukishahamisha subiri kisha uangalie jina lako limekaa kituo gani, sio shule gani tu, kituo gani.

lamu_kwetu:

Shukran. Na mke wangu kitambulisho kimepotea ana ile wetingi kadi, ile karatasi ya kusubiria kitambulisho kingine, si inatosha?

karani_wa_mwambao:

Wetingi kadi haipigi kura. Ni kitambulisho au pasipoti, kile alichojiandikishia. Akaombe kingine sasa hivi, hizo foleni nazo mnazijua.

ajenti_mstaafu:

@lamu_kwetu ukifika Mtwapa nitafute, natafuta ajenti wa usiku asiyelala.